Nani Katutoka?

Sehemu ya kumi na moja

Wiki iliyopita nilimwacha Verediana nyuma ya turubai, karatasi mkononi, nanyi mkanitukana. Dada mmoja wa Katubuka amemwandikia mhariri kwamba mimi ni katili, nakata hadithi pale pale inaponoga. Dada yangu, nimekusikia. Ila hasira yako ipeleke kwa anayestahili, na leo nakuonyesha alipokaa. Amekaa mbele kabisa, mwaloni Katonga, pale boti zinapopandishwa mchangani, kwenye kiti cha plastiki chenye mikono, leso nyeupe gotini.

Kwa aliyetukuta njiani, shika haya machache twende. Verediana anaanika dagaa hapo Katonga, na siku za michezo huigiza na kikundi cha Chanja. Miaka miwili iliyopita mdogo wake, Eufrasia, alipanda boti ya abiria kurudi kwao, kijiji kimoja huko kaskazini mbele ya Mwamgongo ambacho sikitaji kwa sababu nina wakwe huko. Boti ikazama. Eufrasia hakuonekana tena, si mzima, si maiti.

Mwenye boti, Alphonce, akatangaza kwamba binti huyo hakupanda kabisa, katorokea Burundi na mchuuzi wa vitenge. Nahodha wake, Hamdani wa Ujiji, akaapa hivyo hivyo. Basi baba mkubwa Gervasi, mkuu wa ukoo, ambaye hupanda boti za Alphonce bure mpaka leo, akakataza matanga. Mtu aliyetoroka haliliwi, alisema, na ukoo ukanyamaza. Mara mbili Verediana alimpigia simu kumsihi, mara mbili akamkatia. Tangu hapo mama yao, Rozalia, ana mtoto ambaye si hai wala si marehemu, ila malaya tu katika midomo ya watu.

Haya. Turudi nyuma ya turubai.

Karatasi aliyoshika Verediana ilikuwa na maneno mapya ya mchezo. Ule wa zamani mnaujua, umeliza watu Kibirizi, umeliza Ujiji, umemliza hadi padri aliyekuja kukagua kama una matusi. Ni mama anayemlilia binti yake aliyezama katika boti iliyojazwa kupita kiasi. Mama huyo ni Verediana. Akikaa mkekani akanyoosha miguu, hamna jicho linalobaki kavu, na wengi hawajui machozi yale anayatoa wapi.

Safari hii mfadhili na mgeni rasmi alikuwa Alphonce. Maturubai yake, spika zake, na maneno mapya yake. Mama wa mchezo sasa alitakiwa akae mkekani aseme: "Binti yangu hakuwa kwenye boti. Alinikimbia na mwanaume. Nalia aibu yangu."

Ndugu zangu, mimi nimeandika mambo mengi mabaya katika ukurasa huu. Nimeandika wizi, nimeandika sumu. Sijawahi kuandika ushenzi wa kiwango hiki. Mtu kazamisha mtoto wa watu, kampaka mavi jina lake, sasa anataka dada yake mwenyewe asimame mbele ya halaiki alie machozi ya kweli kuuthibitisha uongo.

Verediana alimuuliza Thobias, kiongozi wa kikundi, kama maneno yale ameyaandika yeye. Thobias alitazama viatu vyake. Akasema mchezo ni mchezo, watu watasahau kabla ya ugali wa jioni. Akasema Alphonce ameahidi kuwajengea ukumbi wa kweli, wenye bati na viti, waache kuigiza juani. Alilisema neno ukumbi kwa sauti ya chini, na nikikumbuka namna alivyolisema karibu nimhurumie. Karibu.

"Kaka Thobias," Verediana akasema, "wewe ndiye uliyenifundisha kwamba nikilia jukwaani watu wanaamini. Leo unataka waamini nini?"

Thobias akachungulia nje ya turubai. Akamwambia aseme tu mistari yake, mengine watayaongea kesho. Spika zikaanza kulia, mshereheshaji akamtaja mgeni rasmi, watu wakapiga makofi.

Sasa nieleze jambo moja kwa wasiotoka mwambao wetu, kwa sababu bila hilo mtanishangaa baadaye. Dagaa huvuliwa gizani, kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa hawaifuati taa, kwa hiyo wavuvi wote hurudi nchi kavu wiki nzima. Vipe, zile boti zao za mbao za kuvulia, vinalala mchangani, injini zinafunguliwa zinapelekwa kwa fundi. Hiyo ndiyo wiki yetu ya harusi, ya ngoma na ya michezo. Alphonce aliichagua makusudi ili apate umati, na umati aliupata, watu kama mia sita. Hata jukwaa lenyewe lilikuwa mbao zilizolazwa juu ya vipe viwili visivyo na kazi.

Ila kuna kitu alikisahau kuhusu mbalamwezi. Kiwekeni akiba.

Saa kumi alasiri mchezo ukaanza. Ulipofika kwenye boti, watoto walinyamaza wenyewe bila kukanywa. Wanawake waanika dagaa, waliokaa chini upande wa kulia, walishaanza kujipangusa kwa ncha za vitenge. Na Alphonce alikuwa analia. Si uongo, analia kweli, mabega yanacheza. Huyo mtu anajulikana mji mzima kwa kulia kwenye michezo kuliko wajane. Ana machozi ya kumwaga kwa watu wa kutunga, wenye damu na nyama ndio hawapati hata tone.

Verediana alikaa mkekani, akanyoosha miguu. Akafika kwenye ile mistari.

"Binti yangu," akasema, kisha akanyamaza.

Kwa sababu kati ya waanika dagaa alimwona mama yake. Rozalia alikuwa amekuja na boti ya asubuhi, ana madumu mawili ya mawese ya kuuza, akaambiwa mwanao anaigiza leo, naye hakuwahi kumwona. Amekaa katikati ya wenzake, mgongo umenyooka, mikono mapajani, anamtazama binti yake kama mtu anayetazama misa. Hajui kinachokuja.

Watu walidhani ule ukimya ni ufundi. Mwanamke mmoja akakwama kwa kwikwi. Nyuma ya turubai Thobias alikuwa anamnong'oneza mstari, mara ya kwanza, mara ya pili, hakuwa na njia ya kujua kwamba mstari haujasahauliwa.

Verediana akasimama. Akashuka jukwaani, akapita kati ya watu, akamshika mama yake mkono.

"Mama, twende ukae. Pale ni pako."

Rozalia alimuuliza kwa sauti ndogo kama hatawaharibia watu kazi yao. Yaani mwanamke huyu, baada ya yote aliyotendewa, bado anaogopa kuharibu kazi ya watu. Mimi hapo kalamu ilitaka kunitoka mkononi. Verediana akamwambia asiogope, akamwongoza juu ya zile mbao, akamkalisha mkekani. Kisha yeye akajitenga pembeni, jambo ambalo mwigizaji mkuu halifanyi.

Rozalia akautazama mkeka. Akainyoosha miguu taratibu, mmoja, halafu mwingine. Miaka miwili alikatazwa kukaa hivyo. Kwake nyumbani alikuwa anakaa kwenye kigoda, kila siku, kwa sababu kunyoosha miguu chini ni kulia msiba, na msiba ulipigwa marufuku. Alipoegemeza viganja kwenye mkeka, sauti ikamtoka, nene, ya chini, haikufanana na kilio cha jukwaani hata kidogo.

"Mwana wanje," alisema kwa Kiha. Mwanangu. Akarudia, akarudia tena.

Nimeona mchezo huo mara nne. Sijawahi kuona watu wakilia namna ile. Wavuvi wenye mikono migumu ya kamba waligeukia ziwani ili wasionekane. Kila mtu aliamini ndio mwisho mpya wa mchezo, kwamba Chanja wamepata mwigizaji mzee mwenye kipaji cha ajabu.

Sasa sikilizeni desturi yetu, maana hapa ndipo mtego uliponasa. Kwetu mfiwa hafunikwi kimya kimya. Ukimwekea kitenge begani unapiga goti na kuuliza, "Nani katutoka?" Hata kama jeneza umelibeba wewe, utauliza. Mfiwa anakutajia jina. Ukishalipokea jina kwa njia hiyo, msiba umekuwa wako pia, huwezi kesho ukasimama barabarani ukasema vingine. Thobias aliitia desturi hiyo ndani ya mchezo, na kwenye mchezo mgeni rasmi ndiye hufunika wa kwanza. Huuliza, Verediana humjibu jina la kutunga, watu hulia, basi.

Thobias aliona kinachokuja, akatoka nyuma ya turubai kumzuia. Alichelewa. Alphonce alishasimama, leso mkono mmoja, kitenge kipya mkono wa pili, simu zote zimeinuliwa zinampiga picha.

Mtaniuliza, inakuwaje asimjue mama huyo? Nami nitawajibu, na ningependa mwenyewe asome. Hakumjua kwa sababu hakwenda. Miaka miwili! Boti zake zinapita mbele ya kijiji kile mara mbili kwa siku, na hakushuka hata siku moja kumpa pole mwanamke aliyempotezea mtoto. Mambo yote aliyamaliza na Gervasi. Mtu mwenye adabu kidogo tu angemtambua. Adabu ndiyo iliyomponza, kwa kukosekana.

Akapiga goti mbele ya watu mia sita. Akamfunika Rozalia kitenge kwa mikono miwili, vizuri kabisa, machozi yanamdondoka kidevuni.

"Pole, mama. Nani katutoka?"

Rozalia alinyanyua uso. Yeye alimjua. Mwambao mzima unamjua. Akamshika kifundo cha mkono.

"Eufrasia," akasema. "Mwanangu Eufrasia. Umeuliza, Alphonce, nami nimekujibu."

Waanika dagaa ndio waliotangulia kuelewa, kwa sababu wao wanamjua Rozalia. Minong'ono ikaanzia upande wao, ikaenda hadi kwa wavuvi, ikarudi. Alphonce alibaki amepiga goti, mdomo wazi, mkono wake umekamatwa na mwanamke wa mawese. Kisha akafanya jambo ambalo sijapata kuliona katika umri wangu. Alikishika kitenge akaanza kukivuta amvue Rozalia.

Agnesi, mkubwa wa waanika dagaa, mwanamke mfupi asiyepandisha sauti, alikuwa ameshafika pale jukwaani.

"Baba, kitenge cha msiba hakirudi dukani," akamwambia. "Kiache."

Akakiacha. Wanawake wengine nyuma ya Agnesi walikuwa wanafungua vitenge vyao kiunoni, wanapanda mmoja mmoja, wanapiga goti, wanauliza. Na kila mmoja alijibiwa jina lile lile.

Alphonce aliinuka, akamwamuru Thobias awaambie watu kwamba huu ni mchezo. Aliamuru mbele ya kipaza sauti, kwa hiyo tulisikia wote. Thobias alikichukua. Alimtazama Alphonce, akatazama yale maturubai, na mimi nilijua anauona ukumbi wake wenye bati unaondoka.

"Mchezo nimeuandika mimi," akasema. "Ndani yake hamna Eufrasia."

Akakiweka kipaza sauti chini akaenda kukaa pembeni. Nilisema karibu nimhurumie. Sasa nimemhurumia kabisa.

Mnadhani Alphonce alikimbia? Bado. Mtu aliyezoea kuokolewa na ulimi wake hauachi mapema. Alikiokota kile kipaza sauti, akajipangusa, akaongea kwa upole. Alisema anamwonea mama huyu uchungu, na uchungu humchanganya mtu. Alisema yeye ni mzazi pia. Lakini ukweli ni ukweli, boti ilikuwa na nahodha, na nahodha aliapa kwa Kitabu chake kwamba binti hakuwamo.

"Hamdani yuko mbali, kambini," akamalizia. "Angekuwa hapa angewaambia kwa mdomo wake."

Hicho ndicho nilichowaambia mkiweke akiba. Hamdani aliacha kazi ya boti muda mfupi baada ya ajali, akaenda kuvua dagaa kwenye kambi ya mbele kabisa, karibu na mpaka wa Burundi. Ukimtafuta siku zote utaambiwa yuko kambini, kweli. Isipokuwa wiki moja katika mwezi. Alphonce alichagua mbalamwezi ili apate watu, akasahau kwamba na Hamdani ni mvuvi.

Alikuwa ameegemea kipe cha mwisho, nyuma kabisa, mtu mwembamba mwenye kofia, ana kiroba mkononi. Alipoanza kutembea watu walimpisha bila kuambiwa. Alphonce alimwona akiwa katikati ya njia. Akamwita kwa jina, kwa ile sauti ya tajiri na mtu wake, akamwambia aje aseme ukweli. Hamdani alipanda jukwaani, akafungua kiroba, akatoa kitenge.

Kitenge cha zamani, kimefifia, kina picha za miavuli. Upande mmoja kimekatwa vibaya, kwa kupinda, na mwavuli wa pembeni umebaki juu tu, mpini hauna.

Verediana alifungua kitenge alichojifunga yeye kiunoni, akabaki na sketi ya ndani mbele ya halaiki, hakujali. Chake kilikuwa cha miavuli hiyo hiyo. Walikinunua pamoja Kibirizi, kipande kimoja, yeye na Eufrasia, wakashindwa kusubiri mkasi, wakakikata kwa kisu cha kuparia samaki huku wanacheka. Aliviweka viwili kando kando juu ya mbao. Mpini ukaupata mwavuli wake.

Hamdani akakichukua kile chake, akakiweka begani mwa Rozalia juu ya vingine vyote, akapiga goti.

"Nani katutoka, mama?"

"Eufrasia."

"Nimesikia," akasema Hamdani. "Alikuwamo."

Alisimulia akiwa amepiga goti vile vile, akimtazama Rozalia peke yake. Eufrasia alikaa mbele, juu ya magunia. Kabla hawajaondoka alimwambia Alphonce boti imedidimia hadi kwenye mstari wa rangi nyeupe, na Alphonce akamwambia kama anaogopa ashuke. Baada ya ajali Hamdani alikwenda kambini kusaidia kutafuta waliopotea, na siku ya nne maji yakamleta binti. Akampigia Alphonce. Alphonce akamwambia orodha ya abiria iliyopelekwa bandarini imetimia idadi inayoruhusiwa, watu thelathini, haina nafasi hata ya jina moja. Likiongezeka moja, boti imezidisha, na anayetangulia kufungwa ni nahodha. Akamwambia azike, anyamaze, aape.

"Nilimzika mimi," Hamdani akasema. "Juu kidogo ya kambi, penye michikichi mitatu. Rozari yake nilimwachia mkononi. Sala za kanisani kwenu sizijui, nikamsomea Fatiha. Kila mbalamwezi nilikuja na kitenge hiki hadi hapa Katonga, kila mbalamwezi nikarudi nacho."

Verediana akamzaba kibao. Kilisikika kwenye spika. Hamdani hakukwepa, akageuza uso kusubiri cha pili, na Verediana alikuwa ameinua mkono tena kabla mama yake hajaongea.

Rozalia hakuwa na hasira. Hasira ni yetu, mimi na Verediana na nyie mnaosoma. Yeye alikuwa na swali moja, inaonekana alikaa nalo miaka miwili.

"Alikuwa na viatu?"

"Kimoja, mama."

Rozalia akatikisa kichwa, akaikunja miguu kidogo, akainyoosha tena. Waanika dagaa wakaanza wimbo wa msiba, wa chini kwa chini, na mimi nitakuwa mwongo nikisema niliona vizuri kilichofuata, kwa sababu macho yangu yalikuwa yamejaa.

Nilichosikia ni injini.

Kile kiti cha plastiki kilikuwa kitupu, na leso iko chini. Alphonce aliondoka wakati wote tunamtazama Rozalia. Boti yake ilikuwa majini, ina injini mbili, ilishajitenga na ufuko, na pua imeelekea kaskazini. Hakuwa anakimbilia Kongo. Hamdani ndiye aliyeng'amua, akasimama kwa mara ya kwanza.

"Anakwenda kwenye michikichi," akasema.

Kwa sababu bila kaburi ni nini kimebaki? Kitenge kilichofifia na maneno ya nahodha aliyekwisha kuapa kinyume. Kaburi likiwepo, na rozari ikiwa mle ndani, mtu wa thelathini na moja yupo. Kaburi likifukuliwa, mifupa ikatupwa ziwani, Eufrasia anabaki yule yule aliyetorokea Burundi na mchuuzi wake.

Wavuvi walikimbilia vipe. Walifika, wakasimama. Injini zote ziko kwa fundi. Vipe arobaini mchangani na hamna hata kimoja kinachoweza kuwaka, mbalamwezi iliyomleta Hamdani ndiyo iliyotufunga mikono. Baadhi walichukua makasia wakaingia majini hivyo hivyo, kwa hasira tu, wakijua hawamfikii. Agnesi alishawapigia polisi, lakini huko kote hakuna barabara, na hadi wapate boti ya kuwapeleka jua litakuwa limezama.

Kuna watu wachache tu wanaoweza kufika kwenye ile michikichi kabla ya Alphonce. Watu wa kijiji cha kina Rozalia. Kwa miguu, kilima kimoja, nusu saa. Na pale kijijini anayeweza kuwainua watu wote kwa neno moja ni mzee mmoja, mkuu wa ukoo, anayepanda boti bure.

Verediana alimuomba Agnesi simu, yake ilikuwa nyuma ya turubai. Namba aliijua kwa kichwa, maana aliipiga mara mbili katika miaka miwili, na mara zote mbili alikatiwa. Akapiga. Ikaita muda mrefu.

"Haloo," akasema Gervasi.

"Shikamoo, baba mkubwa. Ni Verediana." Akavuta pumzi. Nilikuwa karibu naye, niliona anavyoimeza hasira yake, na haikuwa kitu kidogo cha kumezwa. "Mama amekaa mkekani. Watu wamemfunika. Alphonce mwenyewe ndiye aliyetangulia kumfunika, na aliuliza."

Akaendelea, kwa haraka sasa, akamwambia kuhusu Hamdani, na michikichi mitatu, na boti iliyoondoka. Akamwambia wakipanda kilima sasa hivi watawahi. Hakumwomba msamaha wala hakumdai wowote.

Nyuma ya Gervasi ilisikika redio, na mtu akiita mbuzi. Verediana alisubiri kusikia simu ikikatwa kama zamani. Akaona mkono wake umeanza kuteremka wenyewe.

Ndipo ikasikika sauti ya mzee anayeinuka kwenye kiti kwa taabu. Redio ikazimwa.

"Nani katutoka?" Gervasi akauliza.

Verediana hakujibu, kwa sababu si yeye wa kujibu. Alipiga magoti kwenye mkeka, akamwekea mama yake simu sikioni. Kwa upande wa rasi ya Bangwe, injini mbili zilikuwa bado zinasikika.